Kemia Isiyotambuliwa

Lorena Archuleta aliingia ofisini kwa Whitlow bila kubisha hodi. Whitlow ndiye mshauri wa wanafunzi katika chuo kile cha miaka miwili, anayewaelekeza masomo ya kusoma ili wahamie chuo kikuu.

"Kuna foleni, mama," alisema bila kuinua macho.

"Mimi si mama yako. Chuo kikuu wamenikataa uuguzi. Wanasema kemia niliyosoma hawaitambui, ni ya wanafunzi wa sanaa. Nani alinipangia?"

"Ulijiandikisha mwenyewe."

"Kwa kukusikiliza wewe! Mwaka mzima nimetoka kiwandani nanuka nyanya, nikaja darasani hivyo hivyo. Wanangu wamelelewa na shangazi yao. Halafu unaniambia nilijiandikisha?"

Whitlow alijiegemeza kitini. "Tuseme ukweli. Watu wa aina yako wengi hawafiki hata hapo ulipofika. Ungeshukuru."

Damu ilimpanda Lorena kichwani. "Hawafiki kwa sababu umewazibia njia!"

Mlinzi aliitwa. Alimshika kiwiko, naye akajichomoa na kutoka kwa miguu yake.

Kwenye foleni alisimama Tou Vang, dereva wa lori aliyeacha kazi baada ya kuumia mgongo. "Dada," alinong'ona, "ni kemia gani hiyo? Mimi pia nataka uuguzi."

Alipomtajia, Tou aliguna. Ndiyo hiyo hiyo aliyopangiwa.

"Ikimbie leo," Lorena alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Wapigieni chuo kikuu wenyewe. Huyu msimwamini hata akiwaambia saa."

Whitlow alitokeza mlangoni, uso mwekundu. "Unawachochea wanafunzi wangu?"

"Wako tangu lini?"

Wawili walitoka kwenye foleni. Tou akawa wa tatu.

Lorena alisoma kemia upya, safari hii ile inayotakiwa kwa uuguzi, palepale chuoni. Kila alipokutana na Whitlow ukumbini alimpita kama anapita nguzo. Hasira haikumtoka, alisoma nayo, akafaulu nayo.

Alipopokewa chuo kikuu, Whitlow alimpigia simu, sauti imejaa asali. Alitaka picha yake aibandike ukutani, pamoja na za wengine waliofanikiwa kuhama.

"Tunajivunia wewe," alisema.

"Bandika yako," Lorena alijibu, akakata simu, akaenda kufunga mizigo.