Uso Chini ya Kanga

Kijiji kizima cha Kinyala kilimsifu Ikupa kwa heshima yake, na sifa zile zilimchoma kuliko kile alichokuwa akikificha.

Kwa Wanyakyusa, mke hamtazami baba mkwe wake, na baba mkwe hamtazami mke wa mwanawe. Wakikutana njiani, mwanamke huchepuka migombani, akajifunika na kugeuka mpaka mzee apite. Mzee Andongwisye, baba mkwe wa Ikupa, alikuwa Mmoraviani wa kuimba kanisani kila Jumapili, lakini mila hiyo hakuiacha. Tangu Uhuru vijana walikuwa wameanza kuilegeza. Ikupa ndiyo kwanza akaikaza: alijifunika kanga tangu asubuhi mpaka jioni, hata mzee akiwa mbali huko shambani kwenye chai. Mzee akamwambia mkewe kwamba mkwe wa namna hii hapatikani tena siku hizi. Maskini, angejua!

Chini ya kanga, uso wa Ikupa ulikuwa umeungua. Mashavu yalikuwa mekundu, yamechubuka kama kiazi kilichomenywa ovyo, na kuzunguka macho kulikuwa na weusi ambao hakuzaliwa nao. Yalimkuta kwa kuyatafuta, nami sitamtetea kwa hilo.

Mumewe, Ezron, alikuwa Dar es Salaam mwaka wa pili sasa, akisomea mambo ya ushirika. Walikuwa wameoana miezi michache tu kabla hajaondoka. Mtu akikaa mjini macho nayo yanazoea ya mjini. Hilo ndilo lililomkosesha Ikupa usingizi. Na baridi ya Juni haikumsaidia. Ngozi ilikuwa imempauka, ukipitisha ukucha mkononi unaweza kuandika jina lako likasomeka.

Basi siku moja alipopeleka ndizi na maziwa mtaa wa Ibighi, akamuuliza Bi Biubwa anapaka nini. Bi Biubwa alikuwa mke wa Saad fundi cherehani, mtu wa pwani, na ingawa umri ulikuwa umesogea, alikuwa na uso laini usio na hata kipele. Hakumficha. Alimwonyesha jiwe lake la kusagia liwa, ule mti wa kunukia, na chupa ya marashi ya waridi. Lakini akamwambia liwa haitamfaa yeye. Ngozi ya Bi Biubwa ilikuwa ya mafuta mengi, na liwa inayanyonya. Ya Ikupa imekaushwa na baridi, akipaka liwa itapasuka. Yeye apake mafuta ya nyonyo, kidogo tu, baada ya kunawa, uso ukiwa bado una majimaji. Na kitu chochote kipya asikipeleke usoni kwanza. Akipake ndani ya kiwiko, angoje siku chache, aone ngozi inasemaje.

Ikupa aliposikia nyonyo akanuna. Nyonyo! Mafuta aliyopakwa na bibi yake tangu yuko mgongoni, yenye harufu ya jikoni! Akaondoka pale akiamini kwamba yule mama ana choyo, hataki wapendeze wawili. Alipofika sokoni Tukuyu akakutana na mchuuzi mwenye kopo la krimu lenye picha ya mwanamke wa rangi ya maji ya kunde. Akanunua. Habari za kiwiko akaziacha hukohuko Ibighi. Akapaka uso mzima, asubuhi na jioni, kwa pupa.

Mwanzoni aling'aa kweli. Wenzake mtoni wakamuuliza siri, naye akaringa, akasema ni maji tu. Kisha uso ukaanza kuwasha, ukawaka, ukamenyeka. Akazidisha krimu akidhani ngozi ya zamani ndiyo inaondoka. Hapo ndipo alipoijua faida ya kanga.

Juu ya hayo, Asajile jirani yao akarudi kutoka Dar na habari. Vijana wa huko walikuwa wanapita mitaani wakiwasaka wasichana wa wigi, vimini na krimu za kujichubua, wakisema vitu hivyo ni utumwa wa akili na haviendani na Ujamaa. Na Ezron, akasema Asajile kwa fahari, ndiye alikuwa mbele akiongoza nyimbo. Tena anarudi mwezi huohuo. Ikupa akakaa chini. Mumewe alikuwa anapigana na nyuso kama wake. Akimkuta hivi atamrudisha kwao Masoko, na nani atamlaumu?

Alikimbilia Ibighi. Bi Biubwa akamfunua kanga, akamtazama kwa muda, akauliza jambo moja tu, kama alijaribu kwenye kiwiko. Ikupa akatikisa kichwa, machozi yakamwagika na kumchoma mashavu. Bi Biubwa hakumgombeza. Alimwambia atupe kopo, anawe maji ya vuguvugu bila sabuni, akwepe jua, na vidonda vikifunga arudie nyonyo.

"Mashavu yatapona, mwanangu," akasema. "Huo weusi wa machoni siwezi kukuahidi."

Ezron aliwasili kabla mashavu hayajapona. Alasiri ile, walipobaki wawili chumbani, alifungua sanduku akatoa doti ya kanga, akatoa sukari, kisha akatabasamu na kufunua shati alilokuwa amelikunja. Ndani yake mlikuwa na kopo. Yule mwanamke wa maji ya kunde alikuwa palepale, anacheka.

Akaeleza kwa furaha kwamba walimnyang'anya msichana mmoja vipodozi vyake Kariakoo. Vilikuwa vya kuchomwa moto vyote, lakini yeye alimkumbuka mkewe, akaficha kimoja. Kisha akashangaa mbona amejifunika ndani ya nyumba yake mwenyewe, na baba hayupo.

Ikupa alikuwa ameshaandaa uongo wa moto wa jikoni. Ukamtoka wote kichwani. Kwa wiki nzima alikuwa ametetemeka kwa ajili ya mtu huyu, na mtu huyu ameimba mchana na kuficha kopo jioni! Hasira ikampanda, ikaipita hofu. Akashusha kanga mpaka mabegani.

Ezron akarudi nyuma hatua moja. Akauliza nani amemfanya vile. Ikupa akalielekeza kopo kwa kidole.

"Yule mliyemnyang'anya," akamuuliza, "uso wake ulikuwaje?"

Ezron akafikiri. Alijaribu kukumbuka, akashindwa.

"Sikumwangalia," akasema. "Tulikuwa tunaimba."

"Basi niangalie mimi."

Akasogea dirishani kwenye mwanga, akasimama, naye Ezron akamwangalia.