Alhamisi ya Pozole

Chencha alikuwa akirudi kinyumenyume juu ya mchanga wa moto, menyu ameikumbatia kifuani, macho kayaelekeza kwa mume na mke waliokuwa wakimjia na viatu mkononi. Asiyeijua kazi hii angedhani anawakimbia. Kumbe ndivyo wateja wanavyovutwa Barra de Tecuitla. Ukimpa mgeni mgongo, amekwisha kupita. Ukimsimamia mbele kama mlinzi, anakukwepa. Inabidi utembee naye uso kwa uso, wewe kinyumenyume, ukiongea, mpaka ajikute mwenyewe yuko kivulini na kiti kimeshavutwa.

"Samaki wetu alifika jikoni hajajua kama amekufa," alisema Chencha. "Tunampasua, tunampaka pilipili nyekundu, tunambana kwenye wavu juu ya makaa. Chapati za mahindi zinatoka motoni. Bia zimelala kwenye barafu. Na mama hapa, kama hapendi bia, tuna tembo la mnazi la asubuhi, bado tamu."

Mwanamke alicheka. Mumewe, mtu wa bara ambaye pua yake ilikuwa imeshaiva kwa jua, hakucheka.

"Na nyinyi wenyeji mnakula wapi?" aliuliza.

Swali hilo Chencha alilisikia kila siku, na kila siku alilijibu kwa uongo. Ukweli ni kwamba ilikuwa Alhamisi, na siku ya Alhamisi katika pwani ile ya Guerrero mtu mwenye akili timamu hali samaki. Anakula pozole: mahindi makubwa yaliyochemshwa hadi yakapasuka, na nyama ya kichwa cha nguruwe, ndani ya mchuzi wa kijani wa mbegu za maboga. Kama angekuwa na ruhusa ya kusema kweli, angewaambia wapande njia ya kanisa hadi uwanjani, waulize turubai la Tomasa, wakae kwenye benchi wasubiri zamu yao.

"Hapahapa," alisema. "Wapi tena?"

Wakaingia. Chencha alifuta jasho kwa pembe ya aproni na kugeuka kutafuta wengine.

"Wewe hata papa ungemuuzia samaki," alisema Nabor, mzee aliyekuwa akiwaita wateja wa banda la jirani. Walikuwa wameshindana kwa miaka hadi ushindani wenyewe ukawa urafiki.

"Nimeshamuuzia. Akala, akashiba, akauliza kama kwenu kuna choo."

Nabor alicheka, kisha akasogea karibu na kupunguza sauti. "Nasikia leo unatuaga."

"Nani kasema?"

"Mji huu una siri, Chencha? Mchinja nguruwe kasema. Tomasa kachukua kichwa kizima, kamwambia kuanzia leo mpishi ni wewe."

"Basi wewe fumba mdomo mpaka nimwambie mwenyewe mwenye banda, komadre yangu. Asije kusikia kwa mtu."

"Bado hujamwambia?" Nabor alimtazama kama mtu anayetazama sufuria iliyoachwa motoni bila maji. "Mungu akusaidie."

Hakuwa amemwambia. Wiki nzima alikuwa akiamka na neno hilo mdomoni, na wiki nzima alilala nalo.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Tomasa alikuwa anahamia Guadalajara kwa mwanawe, kwani miguu yake ilikuwa imechoka kusimama, na alitaka kumwachia Chencha mahali pake uwanjani. Mahali pale hapauzwi wala hapaandikwi. Akina mama wa uwanjani wana desturi yao: anayeondoka hupika Alhamisi yake ya mwisho, mrithi wake akaja ubavuni kabla ya jioni, na kengele ya misa ya jioni inapolia, mwenye upawa mkononi ndiye mwenye sufuria. Kengele ikilia na mtu hayupo, basi tena. Tomasa alikuwa na binamu yake, Bricia, ambaye hajui kupika sana ila anajua kufika mapema.

Chencha hakuutaka utajiri wa pozole, maana hakuna aliyewahi kutajirika kwa pozole. Alichokitamani ni kusimama. Kusimama mahali pamoja, nyuma ya sufuria kubwa, na watu waje wenyewe kwa harufu. Asimwite mtu. Asimchekee mtu asiyempendeza. Alikuwa ameitamani hali hiyo hadi usiku miguu yake ikimuuma alikuwa akiifikiria kama wengine wanavyofikiria mbinguni.

Lakini mwenye banda alikuwa Hortensia, na Hortensia alikuwa komadre yake. Ndiye aliyemshika Yareli, binti wa pekee wa Chencha, kwenye maji ya ubatizo, na tangu siku hiyo mama mzazi na mama wa ubatizo huitana komadre hadi kaburini. Mume wa Chencha alipovuka kwenda kaskazini akanyamaza kama aliyemezwa, Hortensia ndiye aliyekuja mlangoni, akamvisha aproni na kumwambia, "Njoo kwangu, kulia utalia jioni." Gauni la Yareli la sherehe ya kutimiza miaka kumi na mitano lilitoka kwa Hortensia. Na leo Yareli anasomea ualimu, kwa sababu Hortensia alikwenda kumwombea nafasi kwa wakubwa wa chuo. Komadre hagombwi, komadre hanuniwi. Ukimwacha, unamwacha kwa baraka zake, au mji mzima unakuhesabu mtu asiye na shukrani.

"Nitamwambia baada ya chakula cha mchana," alijiapia Chencha. "Akiwa ameshiba."

Mchana ulipopungua na meza kubaki na miiba na maganda ya ndimu, alivua kofia, akajitengeneza nywele, akaenda nyuma ya jiko. Hortensia alikuwa amekaa kwenye kiti chake kipana, mguu mmoja kauweka juu ya kreti ya bia. Mwanawe Evelio alikuwepo, na mkewe Maricruz, na kitoto chao cha miezi michache kimelala kifuani kwa mama yake. Siku ya kazi familia nzima haikai nyuma ya jiko. Chencha aliliona hilo, lakini alikuwa ameshaingia.

"Komadre," alisema, "nina neno nataka kukuambia."

"Ajabu," alisema Hortensia. "Na mimi ninalo. Nani aanze?"

Mtu aliyelelewa vizuri katika pwani ile ana jibu moja tu la swali hilo, nalo humtoka kabla hajafikiri, kama mtu anavyopokea mkono aliopewa.

"Anza wewe, komadre."

Hortensia alishusha mguu kutoka kwenye kreti. Alimwonyesha Evelio kwa kidevu, naye akaleta sinia lililofunikwa kwa kitambaa kilichotariziwa: mikate mitamu, na katikati yake kikombe kimoja kidogo cha udongo chenye meskali, ile pombe kali. Chencha alilitazama sinia. Hakuna aliyehitaji kumweleza sinia lile ni la nini. Yeye mwenyewe alikuwa amepeleka la namna hiyo nyumbani kwa Hortensia zamani, na Yareli mgongoni.

"Mwezi wa kumi na mbili, sikukuu ya Bikira, huyu mtoto anabatizwa," alisema Hortensia. Sauti yake ilikuwa imelainika. "Tumekaa kama familia, tumefikiri, tukaona hakuna mwingine. Tunaomba umshike wewe."

Maricruz alitazama chini. "Dada yangu ataelewa," alisema kwa sauti ndogo, hakuna aliyemuuliza. "Shali nyeupe alikuwa ameshanunua, lakini ataelewa."

Evelio alikohoa. Hortensia hakumtazama mkwewe.

Hapo Chencha akaelewa yote. Mchinja nguruwe alikuwa amefika na huku. Kilemba cha ukoka anapovishwa mtu, mwenyewe hujua; ila hiki kilishonwa kwa mtoto mchanga, na mtoto hana hila. Ombi la mtoto halikataliwi. Anayelikataa anaonekana amemrudishia Mungu mlango usoni. Na kikombe kile kikishanywewa na nyumba mbili, hakuna kuvunja kitu baina yao mpaka mtoto atoke kwenye maji: hakuna madai, hakuna mlango kufungwa, hakuna mtu kuondoka mezani kwa mwenzake. Baada ya hapo, kwa kuwa nyumba nzima ya mtoto huingia katika udugu huo, atakuwa komadre mara mbili, na komadre wa mara mbili hafungui sufuria yake mita mia tatu kutoka banda la mwenziwe.

Angeweza kusema, "Subiri, komadre, neno langu kwanza." Lakini alikuwa ameshasema anza wewe. Maji yakimwagika hayazoleki.

Maricruz alikiweka kitoto mikononi mwa Chencha. Kilikuwa kizito kuliko alivyotegemea, na kichwani kilinukia maziwa na sabuni. Kilifungua jicho moja, kikamkagua, kikakishika kidole chake na kulala tena. Chencha alikipenda papo hapo, na alikasirika kwa kukipenda.

"Namshika," alisema.

Wakanywa, Hortensia nusu, yeye nusu. Meskali ilimchoma hadi kwenye chembe cha moyo.

"Haya, na wewe?" alisema Hortensia akijifuta midomo. Macho yake hayakuwa ya kejeli, wala hayakuwa ya mtu asiyejua. "Ulikuwa na neno gani?"

Binti wa kuosha vyombo alifunga bomba ili asikie.

"Ndimu zinakaribia kwisha," alisema Chencha.

"Nitamtuma Evelio." Hortensia alimshika mkono, akaubana. "Komadre, mimi bila wewe hili banda ni makuti tu. Unalijua hilo?"

Alilijua. Hortensia alikuwa anasema kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyomfunga zaidi kuliko hila. Kama angekuwa mtu mbaya, Chencha angemtemea mate, akapanda njia ya kanisa na kuimba. Lakini unamtemeaje mate mtu aliyekupangusa machozi?

Alirudi mchangani. Nabor alimtazama usoni mara moja, akageukia wateja wake bila kuuliza, na kwa mara ya kwanza katika ushindani wao akawaachia kundi la vijana wapite upande wa Chencha. Chencha aliwatangulia kinyumenyume, menyu kifuani. Alikuwa katikati ya kuwaeleza kuhusu kamba wa pilipili kengele ilipoanza kulia kule juu. Hakusimama. Alimaliza sentensi yake, akataja na ndimu, akavuta viti. Kijana mmoja alimsifu kwamba ana furaha ya kazi.

Jua lilipozama, Hortensia alimruhusu, akampa na kipande cha mkate mtamu alichomfungia kwenye kitambaa. Chencha alipanda njia ya kanisa polepole. Alijiambia anakwenda nyumbani, na nyumbani kwake kulikuwa upande mwingine.

Uwanjani watu walikuwa wengi. Tomasa alikuwa ameketi pembeni kwenye ndoo iliyopinduliwa, miguu kainyoosha, aproni kaivua. Nyuma ya sufuria alisimama Bricia, upawa mkononi, uso umemtoka jasho.

"Nilikushikia ule upawa hadi mkono ukafa ganzi," alisema Tomasa. "Kengele ilikuwa inalia na bado nimeushika. Wenzangu wananitazama. Nikasema huyu anakuja, huyu namjua."

"Nimepewa mtoto."

Tomasa alitazama kuelekea baharini, ambako taa za mabanda zilikuwa zimeanza kuwaka.

"Mjukuu wake?"

"Ndiye."

"Na ulikunywa."

"Nilikunywa."

"Mwanamke yule," alisema Tomasa taratibu, "angezaliwa mwanamume angekuwa gavana." Alisogeza watu kwenye benchi kwa mkono wake, kama anayefukuza kuku. "Kaa ule. Usile kwa hasira, inaharibu tumbo."

Chencha alikaa. Bricia alimpakulia kwa heshima iliyopita kiasi, akamwaga mchuzi kidogo mezani, akaomba radhi. Hakuwa mtu mbaya naye. Parachichi lilikuwepo, ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ilikuwepo, na mahindi yalikuwa yameiva vizuri kwa sababu yalichemshwa na Tomasa. Chencha alijaribu kijiko kimoja. Machozi yalimjia, akayasingizia pilipili.

Alipoinua kichwa, aliona kwenye ukingo wa uwanja familia ya wageni imesimama na mabegi, ikitazama turubai hili na lile, mama akimvuta mtoto, baba akisoma kitu kwenye simu. Walikuwa wa kuondoka hao. Mtu mwenye njaa akianza kusoma simu, dakika si nyingi huishia kwenye biskuti za dukani. Bricia aliwaona, akaona haya, akainamia sufuria kukoroga kisichohitaji kukorogwa.

"Waite," alinong'ona Tomasa.

"Nitasemaje?" alisema Bricia.

Chencha alikuwa ameshasimama, bakuli mkononi. Hakukumbuka kuamua. Aliwafikia, akawageukia, akaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua akiongea, na sauti yake ilikuwa ileile ya mchangani, nyepesi, yenye kicheko.

"Leo Alhamisi, hamtasamehewa mkila kitu kingine. Mahindi haya yamechemka tangu jana. Mtoto hali pilipili? Tunamtilia ndimu tu. Majani makavu ya oregano mnayaponda hivi, kwa viganja, siyo kwa kijiko. Karibuni, karibuni, pozole ya kijani ni hapa, kwa…"

Alisita kidogo tu, na hakuna mgeni aliyeona.

"Kwa Bricia," alisema.

Wakamfuata. Watu kwenye benchi wakabanana, mtoto akapakatwa, mabegi yakasukumwa chini ya meza, na Bricia akaanza kupakua kwa haraka, mdomo umemchanua kwa shukrani. Chencha aligeuka kutafuta pale alipokuwa ameketi. Palikuwa na baba wa ile familia, tayari ameinamia bakuli lake, anaponda oregano kwa viganja. Chencha akabaki amesimama nyuma yao, bakuli kalishika kwa mikono miwili, akila pozole iliyokuwa ikianza kupoa.