Macho ya Kipanga

Jumanne asubuhi Anyesi alikuwa uani akipepeta uwele kwa kupapasa, maana mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili tangu mwaka juzi. Kipanga akashuka kutoka kwenye paa la tembe, akatua ukingoni mwa ungo. Anyesi akainua uso, wakaelekeana. Kisha kipanga akaruka na macho yake mwenyewe, naye Anyesi akabaki na mengine kama yale, ya njano.

Jirani yake, Batuli, alikuja kuomba kaa la moto.

"Shikamoo, mama. Macho yamekuwa ya njano."

"Marahaba. Tena hayazunguki, mpaka nigeuze shingo. Lakini hapo kisiginoni una mwiba."

"Tangu jana," alisema Batuli, akainama kuung'oa.

Mchana Anyesi alipanda jabali lililo nyuma ya nyumba. Aliwaona panzi wa bonde la pili wakisugua miguu. Mbele aliwatazama mbuzi, na papo hapo, kwa pembeni, aliona basi la Kondoa na kila uso dirishani. Kilichomfurahisha zaidi ni njia za panya. Panya hukojoa anapopita, na kwa macho yale mkojo uling'aa majanini kama chokaa. Akamvulia kofia kipanga. Kumbe mwenzake hababaishi kule angani, anasoma.

Njia zote zilielekea sehemu moja, kwenye mstari wa udongo mbichi ulionyooka kutoka tangi la kijiji hadi shamba la zabibu la Denis, mwenyekiti wa kamati ya maji. Bomba la kijiji lilikuwa kavu kwa mwezi wa nne sasa.

Anyesi aliwaonyesha wanawake pa kuchimba. Wakalikuta bomba jingine, linavuja kwenye kiungo, na panya wawili wanakunywa.

Denis alikuja, akavua miwani, akamtazama Anyesi kwa heshima ya kweli.

"Macho haya ni ya ajabu, mama. Ila kwenye fomu ya malalamiko hakuna mahali pa kuandika kwamba panya wameshuhudia."

Kesho yake Denis alikiziba kiungo na kulifukia bomba tena, chini zaidi. Wanawake waliendelea kwenda korongoni na ndoo.

Aliyepotelewa na mbuzi humfuata Anyesi jabalini, naye humwonyesha alipo. Baada ya hapo hubaki peke yake, akitazama zabibu za Denis zikijaa maji, punje kwa punje, hata zile zilizojificha chini ya majani.