Ugumu wa Ini la Mwalimu

...na nane hiyo ni mwandiko wake, hakuna wa kumsingizia, sahihi yake iko chini, Duangchan wa chumba cha altrasaundi, na Dokta Wisarut anaisoma kwa sauti kitandani pa mgonjwa, "Ugumu wa ini, nane. Ini laini hili jamani, hata ukikata nusu linaota tena! Sasa manjano haya ya macho yanatoka wapi?" na wauguzi wanatikisa vichwa, na Mwalimu Khamphaeng amelala, siku ya tano tangu akatwe nusu ya ini kuondoa uvimbe, tumbo limejaa maji, anaamka anasinzia, hajui hata yuko wapi... "Labda kuna usaha umejificha," daktari anasema, "kesho tunamfungua tena," kumfungua! atafia mezani, ini lenyewe halina nguvu, na anayelijua hilo ni mtu mmoja tu, Duangchan mwenyewe, kakumbatia faili, aibu imempanda mpaka masikio yanamwaka... kwa sababu mashine haikusema nane, ilisema kumi na saba, kumi na tisa, kumi na nane, ini gumu lisilofaa kukatwa, halafu ndipo zikaja saba na tisa Mwalimu alipokohoa, na kanuni ni kupima mara kumi, mgonjwa abane pumzi kila mara, tena awe hajala tangu usiku, ila kidevuni mwa Mwalimu palikuwa na punje ya wali wa kunata, na mkewe, Mama Bunlai, alikuwa akisukuma kikapu kwa kisigino chini ya kiti... ungemwambia nini, mzee aliyekufundisha kusoma, ungemwambia umekula na ulikatazwa, panda basi mwendo wa saa tatu urudi kwako Mukdahan, uje kesho na njaa? Huku mtu hamuumbui mkubwa wake, unajitia hukuona, basi akajitia hakuona, akajiambia hizo za juu ni za wali tu, chakula hupandisha, akazifuta, akabakiza mbili za chini, wastani wake nane, "Safi, Mwalimu," alisema, mjinga yeye, safi!... "Mwanangu," Mama Bunlai, hapo kando ya kitanda, anamshika kiwiko, ananong'ona, "usilie bwana, wewe ulitusitiri siku ile. Mzee alicheka njia nzima, anasema yule mtoto kaona punje yangu kanyamaza, ana adabu kuliko dokta wake," ...kumbe walijua, walijua kwamba kaona, na mzee alicheka, hakuaibika hata kidogo, angeaibika kwa lipi, mtu aliyekuwa akichana ukurasa wa hesabu mbovu mbele ya darasa zima, akisema rudia, na ulirudia, ukala mchana ukiwa umechelewa, hakufa mtu... angeambiwa rudia angerudia, angepanda basi lake akitania watu, basi adabu ile ilikuwa ya nani, ilikuwa yake Duangchan, alijisitiri mwenyewe, asionekane mtoto asiye na haya, hilo tu, na kwa hilo tu mtu amekatwa ini ambalo halioti... daktari bado kainamia karatasi, anajaza fomu ya upasuaji, Mwalimu bado anasinzia, hakuna aliyesogea hata hatua, lakini atasema, anajua sasa kwamba atasema, hapa hapa, kabla kalamu haijafika kwenye sahihi, na anajua pia kwamba akishasema, Mama Bunlai atauachia mkono wake.