Vishimo vya Kiti cha Nyuma

Kitu cha kwanza alichokiona Mwanamkisi kilikuwa kidole. Bi Hindu alikuwa amejiziba pua kwa ncha ya buibui lake, amekasirika, lakini mkono wake wa pili ulibaki ndani ya gari, juu ya kiti cha nyuma, na kidole kimoja kilipita taratibu juu ya vishimo vilivyoshonwa kwa uzi. Kikaenda, kikarudi.

Mwanamkisi alikuwa nyuma ya ukuta wa makuti, mahali pake pa kila siku. Alisimama, akaketi, akasimama tena.

Lilikuwa gari pana la Kimarekani, Shevroleti ya miaka ile ya baada ya vita. Bi Hindu, mjane wa Malindi, alilinunua ili alikodishe kwa maarusi. Mvua kubwa za mwaka wa sitini na moja zililikuta karibu na Witu, maji yakalifika kwenye usukani, na sakafu ikaliwa na kutu. Likakokotwa kwa trekta hadi Mokowe, kwenye banda la Gharib, baba yake Mwanamkisi, fundi wa mashua aliyehamia huko kutoka Langoni. Injini alipewa Ndirangu, makanika wa kutoka bara. Mwili akapewa Gharib.

Gharib alilitengeneza kwa namna aliyoijua. Aling'oa bati lililooza, akatandika mbao, akaziba kila mwanya kwa pamba, kisha akapaka sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa mashua. Ndirangu alimkumbusha mzee kwamba gari halielei. Gharib akamjibu kwamba hili lilikwisha kuzama mara moja, na kazi yake yeye haivuji. Tangu siku hiyo Ndirangu alimwita nahodha, huku aking'arisha bampa kwa majivu na makumbi ya nazi.

Viti alishona Mwanamkisi. Aliacha shule darasa la nne, mama yake alipofariki, ili ampikie baba. Alichorithi kwa mama ni kushona kofia. Baba alimletea kitambaa cheupe kizito, akamwambia afunike viti tu. Yeye akachora juu yake maua yale yale ya kofia, akatoboa vishimo, akazungushia kila kimoja uzi wa hariri. Wanaume wakiondoka kwenda kula, alitoka akakipima kiti, akarudi ndani kabla hawajarejea. Tangu amalize hakutulia. Alichota maji na pipa limejaa. Alifagia palipokwisha fagiwa.

"Bwana Gharib," alisema Bi Hindu, "bibi arusi afukizwe udi kwao tangu asubuhi, halafu afike kwa mume ananuka papa?"

Ndirangu aliinamia injini ili asionekane anacheka. Gharib akasema harufu itaondoka kwa jua. Bi Hindu akasema yeye aliolewa na mvuvi, asimfundishe habari za harufu. Alikwisha kuamua: Ndirangu atalipeleka gari Malindi leo hii, mbao zing'olewe, liwekwe bati. Viti navyo vimekunywa mafuta, vishonwe upya.

"Lakini kwa mkono huu huu. Nani kashona?"

Gharib alitazama chini. "Mimi."

"Kwa vidole hivyo?"

Vilikuwa vinene, vimepasuka, na kimoja hakikuwa na ukucha.

"Kwa vidole hivi."

Bi Hindu hakubisha. Alisema tu, kwa sauti iliyopanda kidogo kuelekea ukuta wa makuti, kwamba fundi huyo angekaa kwake pamoja na binti zake, angeshona, angelipwa mwenyewe, na siku akitaka kurudi angerudi. Kama hayupo, atatafutwa mwingine Malindi.

Gharib aliinama, akaokota nyundo yake. Mwanamkisi aliitazama shingo ya baba yake. Alijua kwamba hakusema uongo kwa kiburi. Nyumba yao ilikuwa na watu wawili tu.

Ndirangu akawasha injini. Ikakohoa, ikakubali. Banda zima likatetemeka, vumbi likamwagika kutoka kwenye makuti. Bi Hindu akaingia nyuma, mlango ukafungwa kwa kishindo, na gari likaanza kujivuta kwenye mchanga.

Mwanamkisi alijikuta yuko nje, juani, mbele ya mwanamume asiye wa kwao, kiganja chake juu ya boneti lililopata moto. Gari likasimama. Ndirangu akatazama pembeni kwa heshima.

Baba yake alikuja akasimama karibu naye. Hakumgusa.

"Ndia ya Malindi ni mbali, mwanangu," alisema.

Mwanamkisi aliwahi kuyasema maneno yake mwenyewe mara nyingi, akiliambia sufuria, akiliambia pipa, akiiambia sindano. Boneti lilikuwa likitetemeka chini ya mkono wake.

"Nimeshona mimi, baba," alisema. "Na nataka kwenda."