Kombe la Wasiolipwa

Bibi Gourlay, jirani wa nyumba ya pili, anaapa kwamba alimwona Hester Tranmer akitoka dukani kwa fundi saa na Kombe la Bonde chini ya koti, limetuna kama mimba ya miezi saba. Habari ilifika kanisani kabla ya Hester mwenyewe.

Kombe halikutoka dukani. Kilichotoka ni maneno, nayo Hester aliyabeba kichwani.

Kazi yake kwa fundi saa ilikuwa kusugua vyombo vya fedha. Kila mwaka, mto ulipoanza kuganda, Klabu ya Carrick, ya mpira wa magongo wa barafuni, ilileta kombe ling'arishwe, maana ilikuwa imelishikilia misimu minne. Ndani yake ilikaa hati ya masharti ya aliyelitoa lishindaniwe, imefungwa utepe. Wanaume wa klabu hawakuwa na haja ya kuifungua. Kila mmoja alijua kilichomo, au alidhani anajua.

Hester aliifungua. Alisoma taratibu, kidole juu ya mstari. Hati nzima ilihangaika na jambo moja: matajiri wa migodi wasije na wachezaji wa kukodi. Mchezaji asiwe amelipwa, wala kuahidiwa, wala kuhongwa hata jozi ya viatu. Klabu yoyote ya bonde yenye watu saba wa namna hiyo iandike barua kudai mechi, na mwenye kombe asipotaja siku, kombe limemtoka. Katika kukazana kuwafungia mlango waliolipwa, waandishi walisahau kusema mchezaji awe mwanamume.

Wasichana wa kiwanda cha sufu walikuwa saba. Walicheza mtoni nyuma ya kiwanda, sketi zimeshonewa vipande vya madini ya risasi kwenye pindo ili zisipeperuke, na kwa sababu ya sketi hizo walikuwa wamefukuzwa mara mbili kwenye uwanja wa klabu. Hester alitaka wacheze humo, mchana, milango wazi, kombe likiwa mezani.

Jumatatu alipeleka barua dukani kwa Bwana Pringle, muuza unga na katibu wa klabu. Wanaume waliokuwa wakiota moto wakageuka kumtazama.

"Nani kakutuma, binti?" Pringle aliuliza.

"Nahodha."

"Nahodha gani?"

"Mimi."

Mmoja akauliza kama watakuja na birika zao za chai.

"Tutakuja nazo," Hester alisema. "Mtataka maji ya moto ya kukandia magoti."

Hata Pringle alicheka. Kisha akasema kombe ni la wanaume, jambo hilo halina mjadala. Hester akamwomba amwonyeshe palipoandikwa. Kombe lilikuwa limerudi kwa Pringle asubuhi ile. Akatoa hati, akaisoma mbele, akaigeuza nyuma, akarudia mbele. Vicheko vikafa kimoja kimoja.

Pringle akajaribu upole. Fundi saa akisikia kwamba amepekua vitu vya wateja, kazi itakuwepo? Mbona wasicheze mechi ya kirafiki tu, wapewe utepe mzuri? Au kamati iongeze mstari mmoja kwenye hati, yaishe.

Hester akasema fundi saa ameshaambiwa, tena na yeye Hester mwenyewe, na kwamba hati haiongezwi neno mpaka mwenye kombe na mdai wakubaliane.

"Nami sikubali."

Akaisukuma barua mbele yake, juu ya vumbi la unga, na kalamu kando yake.

"Taja siku, Bwana Pringle."

Pringle alichovya kalamu. Wino ukajikusanya nchani, ukadondoka kwenye kaunta, na hakuna aliyeufuta.