Kahonzi Ahamisha Mkopo

Miezi tisa baada ya Kahonzi kununua nyumba Muyeye, benki nyingine ilikubali kuuchukua mkopo wake kwa riba nafuu. Angesubiri utimie mwaka, angehama bure. Akihama sasa, angelipa faini ya shilingi elfu themanini, pesa alizoweka za kuchimba kisima. Alisali siku tatu mfululizo, na kila aliposali moyo ulimwambia asubiri.

Lakini Ijumaa Ngowa alikuwa na mahojiano ya umeneja. Ngowa huyo ndiye afisa wa benki yake ya sasa aliyembandika riba ile kubwa, tena akimcheka mbele ya foleni. Basi Alhamisi asubuhi Kahonzi akamwekea barua ya kuhama mezani.

"Dada, ngoja hata Jumatatu," Ngowa alinong'ona. "Ukiondoka leo hesabu zangu za mwezi zaanguka."

"Si ulisema sisi wauza mahamri wa Jilore hatujui riba ni nini?" Kahonzi alipaza sauti, foleni ikageuka. "Mwosha huoshwa, kaka. Lete karatasi ya faini."

Akatia sahihi taratibu, akimwomba Mungu amsamehe furaha ile, wala hakuiharakisha kalamu.